Sekunde Arobaini za Percy Lavelle

Marietta, Ohio
4 Februari 1974

Kwa shemeji Clyde,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye barafu. Natumaini goti lako linakuruhusu kufika dukani na kurudi, na kwamba ziwa lenu halijapanda mpaka mlangoni. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila sitakudanganya, sijatulia. Tangu Oktoba nimepaka jikoni rangi mara mbili, ya kwanza manjano, ya pili nyeupe, na sasa naitazama nyeupe naona manjano ilikuwa afadhali. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama natafuta ufunguo wa gari, na nikishaendesha maili arobaini kwenda kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani, nageuza kabla ya kufika.

Siku tulipomzika Opal wangu hatukusemezana. Niliambiwa baadaye kwamba ulisimama nyuma kabisa umeshika kofia. Mimi nilikuwa mbele na sikuona mtu. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo, nakuandikia kwa ajili ya tepu.

Mwaka 1956 nilikutumia tepu ndogo yenye nyimbo mbili za bendi ya Sid Kessler. Wa pili ulikuwa "Taa ya Barazani" ya mwaka 1928, ule ambao Buck Tolliver anapiga tarumbeta mpaka unaona aibu kuwa umekaa. Santuri yangu imepasuka. Naomba tepu ile unirudishie, nauli ya posta juu yangu.

Najua utaanza. Utasema Wendell ameomba wimbo wenye Percy Lavelle ndani yake. Sina la kufanya, yumo. Bendi inapiga vizuri, halafu anaingia yeye na ile sauti ya mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo, anabembeleza kwa sekunde arobaini, anatoka, ndipo Tolliver anaingia kutusafisha masikio. Mwaka 1928 wasichana walizimia kwa ajili yake. Leo hakuna mpenzi wa santuri za zamani kutoka Maine mpaka California anayemvumilia, isipokuwa wewe. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Unajua dawa yangu. Lavelle akifungua mdomo nashusha sauti mpaka sifuri, santuri inaendelea kuzunguka bubu, na Tolliver anapovuta pumzi naipandisha tena. Sijawahi kuchelewa wala kuwahi. Watu walikuwa wanakuja kutoka mbali kuniona nikifanya. Ila siku hizi mkono umeharibika. Krismasi alikuja jamaa mmoja wa Columbus, nikapandisha mapema mno, Lavelle akatumwagikia chumbani. Jamaa akacheka kwa adabu. Daktari ameupima mkono anasema hauna kitu.

Nisalimie baridi.

Shemeji yako,
Wendell Hoke


Duluth, Minnesota
19 Februari 1974

Shemeji Wendell,

Za huko kusini kwenye joto lenu la kujivunia? Goti ni lile lile: nikikaa haliamki, nikiamka halikai. Ziwa limeganda mpaka mwezi wa nne, na meli za kubeba chuma zimelala bandarini kama ng'ombe. Nashukuru kwa salamu, hata kama zimechukua miaka kumi na saba kufika.

Pole, shemeji. Nilitaka kuisema pale kaburini, nikaishia kushika kofia. Opal alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako, na mimi pia nimekuwa nikitembeatembea humu ndani.

Tepu yako ninayo. Iko kabatini, kwenye kiboksi chenye mwandiko wako. Lakini usidhani nitaitoa bure. Umesahau Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1957? Mimi sijasahau. Nilimletea dada yangu zawadi, santuri mpya kabisa haijaguswa na sindano, Percy Lavelle pande zote mbili. Ulisubiri nimekwenda na mama kanisani. Tuliporudi ulikuwa umeichemsha kwenye maji ya moto, umeikunja ikiwa laini, umeifanya chungu cha maua, na ukaiweka katikati ya meza karibu na bata mzinga. Ukaniambia mbele ya mama yangu, "Sasa angalau ina faida." Watu wote walicheka. Hata mama alicheka. Niliondoka kabla ya pai.

Shemeji kwa shemeji hutaniana, hilo nalijua. Lakini ile haikuwa utani, ilikuwa zawadi ya mtu.

Kwa hiyo hili ndilo sharti langu. Kaa kitini. Weka santuri yoyote ya Percy Lavelle, najua unazo, maana bendi zako zote zilimwajiri. Isikilize mwanzo mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani. Kisha niandikie ulichosikia. Ukifanya hivyo kama mtu mzima, tepu inakuja.

Shemeji yako mwenye masikio,
Clyde


Marietta
27 Februari 1974

Shemeji,

Salamu. Sijambo, na wewe usijambo pia. Leo sina maneno mengi ya mwanzo.

Nilikudanganya. Santuri yangu haijapasuka, iko hapa mbele yangu na inang'aa. Nisikilize sasa, halafu uniwekee masharti ukitaka.

Hukukaa nasi vya kutosha kujua mambo ya nyumba ile jioni. Mimi nilikuwa nikitoka kiwanda cha vioo, nanawa, naweka "Taa ya Barazani", na Opal yuko jikoni mlango ukiwa wazi, anamenya viazi au anapiga pasi. Lavelle akifungua mdomo, nashusha sauti. Basi hapo ndipo Opal alipokuwa anaimba. Aliyachukua maneno pale pale Lavelle alipoyaangusha, akaimba kibwagizo chote peke yake, hana bendi, hana kitu, na akimaliza Tolliver anaingia juu ya pumzi yake kama walifanya mazoezi pamoja. Alifanya hivyo miaka ishirini na mitano. Mimi sikumsifu hata siku moja. Nilidhani ni sehemu ya nyumba, kama bomba la maji.

Sasa nashusha sauti na kunakuwa kimya. Sekunde arobaini za kimya kile siziwezi, Clyde. Ndiyo maana naondoka na gari.

Nilitafuta sauti yake kila mahali. Hakuna. Hakupenda kurekodiwa, na mashine ya tepu niliiuza mwaka 1960. Lakini nilipokuwa nayo nilirekodi santuri kwa kipaza sauti mbele ya spika, na kipaza sauti hakichagui. Kilimchukua na yeye kutoka jikoni. Unajua nilifanya nini? Nilikata. Tepu zote nilizotumia wenzangu, nilichukua wembe nikakata kile kipande cha Opal, nikaunganisha Lavelle alipoanzia na Tolliver anapoanzia, ili jamaa wa New York na Chicago wasisikie mke wangu na sufuria zake wakaniona mshamba. Vile vipande nilivitia jikoni kwenye jiko la kuni. Vilinuka vibaya, Opal akauliza nachoma nini, nikamwambia takataka.

Ya kwako peke yake sikuikata. Wewe ni shemeji, sikuwa na sababu ya kukuonea haya. Hiyo tepu iliyo kabatini kwako ndiyo mahali pekee duniani ambapo Opal anaimba.

Nitumie. Sharti lako nitalitimiza, ila usinisubirishe.

Wendell


Marietta
30 Machi 1974

Shemeji Clyde,

Natumaini ni uzima tu na si goti. Mwezi umepita. Mtu wa posta sasa ananiogopa, akiniona kizingitini anapunga mkono kwa mbali kuonyesha hana kitu.

Kama ni chungu cha maua, naomba msamaha. Nakiri lilikuwa jambo baya na nililifanya nikijua ni baya. Nikuambie kitu usichokijua: Opal alikitoa pale mezani jioni ile ile, akapanda jerania yake, na kimekaa dirishani tangu siku ile. Hakunilaumu, ila hakuruhusu mtu mwingine akimwagilie. Mimi ndiye ninayekimwagilia sasa.

Nimepaka jikoni rangi tena. Kijani.

Shemeji yako,
Wendell


Marietta
2 Mei 1974

Shemeji,

Salamu zangu zipokee, kama bado unazipokea. Nilipiga simu namba ya zamani, akapokea mwanamke asiyekujua. Nimewaza kwamba umekufa, kisha nimewaza kwamba umekasirika, na nimejikuta naomba iwe hasira.

Nimetimiza sharti. Jumapili baada ya kanisa nilifunga pazia, nikakaa, nikaweka "Taa ya Barazani", mikono mapajani kama ulivyoagiza. Lavelle alipofungua mdomo mkono wa kulia uliondoka wenyewe, nikaukalia.

Nakuandikia nilichosikia. Anaimba puani. Kila neno analivuta kama mtu anayetoa gundi kidoleni. Neno "nyumbani" analitamka kama anataka kulia na kama anataka kulipwa kwa kulia. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini kabla ya mstari wa mwisho anavuta pumzi fupi, mara mbili, mahali ambapo hapahitaji pumzi. Opal alikuwa anavuta pumzi ile ile, mara mbili, pale pale. Nilidhani ni yake.

Nikasimamisha santuri, nikauliza chumba kwa sauti kama kichaa, alijifunza wapi? Maana mimi miaka yote nilishusha sauti. Katika nyumba hii Lavelle hakuwahi kuimba mstari hata mmoja nikiwepo. Jibu liko moja tu. Nilipokuwa kiwandani, Opal alikuwa anaweka santuri na kumwacha aimbe. Si mara moja wala mbili, mpaka akazijua pumzi zake. Mke wangu alikuwa upande wako, Clyde, na alininyamazia ili niendelee kujiona fundi.

Nimeona wivu. Nina miaka sitini na sita na nimemwonea wivu mtu aliyebanwa pua, ambaye huenda alishakufa zamani. Ukicheka, cheka, ila andika.

Bado simpendi.

Shemeji yako,
Wendell


Duluth
20 Mei 1974

Shemeji Wendell,

Ni mzima. Mwili haujambo, ila barua hii imenishinda mara tano na hii ndiyo ya sita. Nilihama nyumba mwaka 1969, ndiyo maana ya simu. Barua zako zote nilizipata. Kila ilipofika niliiweka mezani, nikala nikiitazama.

Ni afadhali nikuambie kwa mara moja. Desemba ya mwaka 1957, niliporudi kutoka kwenu na hasira yangu, nilichukua tepu yako nikarekodi Percy Lavelle juu yake. Nyimbo mbili, moja baada ya nyingine, juu ya Kessler wako na juu ya Tolliver wako. Niliona umemfanya Lavelle wangu chungu, basi na mimi nitamfanya Tolliver wako Lavelle. Nilijisifu mwenyewe moyoni kwa utani huo miaka kumi na saba. Barua yako ya kwanza ilipokuja nilifurahi, Wendell, nilicheka mpaka nikakohoa. Niliandika lile sharti nikijua kwamba ukishalitimiza, tepu itafika, utaiweka, na badala ya tarumbeta utamkuta yeye.

Kisha ikaja barua yako ya mwisho wa Februari.

Sikuwa najua. Nakuapia kwa kaburi la mama, mwaka 1956 niliisikiliza mara moja tu, mashine yenyewe ikiwa ya kuazima na spika yake mbovu. Nilisikia mwanamke kwa mbali nikadhani ni redio ya jirani. Sikumtambua dada yangu mwenyewe, mimi ninayejiita mwenye masikio. Hasira hasara, tulifundishwa tukiwa watoto, na mimi hasara nimekutia wewe.

Miezi hii mitatu nilishindwa kukuandikia kwamba nimemfuta. Uliposema umekaa ukamsikiliza mpaka mwisho, niliona sasa nikizidi kunyamaza nitakuwa mwizi. Jumatano niliazima mashine kwa kijana wa kanisani, nikaweka tepu, nihakikishe kabla ya kukiri. Lavelle akaimba wa kwanza. Akaimba wa pili. Ukaisha. Nilitaka kuinuka nizime na goti likakataa. Nikabaki nimekaa, tepu inazunguka, inavuma tu.

Nyimbo zangu zilikuwa fupi kuliko zako. Kwenye mkia pamebaki kipande. Ni sekunde kumi na mbili, nimezipima kwa saa, halafu Tolliver mpaka mwisho. Yumo, Wendell. Ni mstari wa mwisho wa kibwagizo, na neno moja baada yake, si la wimbo.

Neno hilo sikuandikii. Si langu.

Tepu iko ndani ya kifurushi hiki, nimeizungushia soksi mbili. Unaweza kuipeleka mbele mpaka kwenye mkia bila kumsikiliza Lavelle. Mimi sina tena haki ya kukuwekea masharti.

Ni mimi, kaka yake,
Clyde


Marietta
9 Juni 1974

Shemeji Clyde,

Salamu za heri zikukute umekaa vizuri na goti limetulia. Goti hilo lisitibiwe kamwe, tumelipa shukrani zetu zote.

Kifurushi kilifika Jumanne. Mtu wa posta alipanda ngazi mwenyewe. Mashine nilinunua Parkersburg, ya mtumba, na nikakaa nayo siku tatu bila kuifungua. Nilizunguka. Nilikata nyasi zangu na za jirani. Nilikuwa na hasira nawe siku ya kwanza, sikufichi, niliandika barua ambayo kama ningekutumia usingenisamehe. Siku ya pili nilikumbuka wembe. Wewe ulimfuta bila kujua kwamba yumo. Mimi nilimkata nikimsikia. Barua nikaitia motoni.

Ijumaa niliweka tepu. Sikuipeleka mbele. Nilimsikiliza Lavelle wako nyimbo zote mbili, dakika sita kasoro, kwa sababu sikutaka kumfikia Opal kwa kurukaruka.

Yupo mbali, karibu na bomba, maji yanatiririka. Anaimba ule mstari na zile pumzi mbili, taa iwake mpaka ufike nyumbani. Sufuria inagonga. Halafu anasema, kawaida tu, bila kupaza, kama anavyomwambia mtu akumbuke kofia:

"Haya, Wendell, sasa."

Na Tolliver anaingia pale pale.

Nilirudisha nikasikia tena, nikarudisha. Clyde, alisema hivyo kila mara. Miaka ishirini na mitano. Nimekumbuka sasa na sielewi nilisahauje. Jamaa walikuja kutoka mbali kumwona Wendell Hoke asiyekosea, mguu wangu ukigonga sakafu kama ninahesabu, na kutoka jikoni mke wangu ananiambia sasa, na mimi napandisha sauti na kuwatazama wageni kwa majivuno. Hakuna aliyemsikia kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mimi mwenyewe sijawahi kuujua wakati wa kupandisha sauti. Daktari alisema kweli, mkono hauna kitu.

Nimelia, nakuambia usije ukasikia kwa mtu. Kisha nimekaa. Nimekaa kitini hapa tangu saa nane mpaka jua likahama dirisha, na sikutafuta ufunguo wa gari.

Njoo Sikukuu ya Shukrani. Jikoni sasa ni manjano tena, yeye alipenda manjano. Jerania ya kwenye chungu chako imetoa maua manne. Tepu tutaisikiliza pamoja, na safari hii utabaki mpaka pai.

Jana niliweka santuri ya "Taa ya Barazani". Lavelle alipofungua mdomo sikugusa kitu. Sina wa kuniambia lini, kwa hiyo nimemwacha aimbe mpaka amalize.

Anaimba vibaya sana.

Shemeji yako,
Wendell